Mtoto wa Tabora Kapotezwa na Treni

Chanzo cha yote ni euro moja ya choo.

Stesheni kuu ya Nürnberg, Ujerumani, saa kumi na mbili jioni, Desemba 2023, giza limeshatanda kama saa tatu usiku ya kwetu. Nimebanwa. Tumboni nina vikombe vitatu vya juisi ya moto yenye mdalasini na karafuu, ile wanayowauzia watoto na watu wasiotaka mvinyo. Nashuka ngazi kutafuta choo, nakuta geti la chuma kama la uwanja wa mpira, linadai euro 1. Nikapiga hesabu ya haraka: zaidi ya shilingi 2,500. Kwa mkojo! Stendi ya Tabora ningelipia ukoo mzima na chenji ingebaki. Nikajisemea kwenye treni kuna choo cha bure, na treni inaingia baada ya dakika kumi. Nikajikaza, nikapanda zangu juu.

Tulikuwa watano, wote wakazi wa Bayreuth. Wazungu wanaijua Bayreuth kwa opera za Wagner, mtunzi wao wa muziki wa zamani; kiangazi wanakuja na magauni marefu, na vyumba vya kulala vinapanda bei hadi ukasirike kwa niaba yao. Sisi tumeletwa na chuo kikuu, ambako Kiswahili kinasomeshwa na kuna Wajerumani watakaokusahihisha ngeli bila aibu. Mji wenyewe mzuri, lakini Jumapili maduka yote yanafungwa na barabara inakuwa kama kuna msiba. Ndiyo maana kila tukipata Jumamosi tunatoka.

Tiketi yetu ni ile ya jimbo zima la Bavaria: mnapanda hadi watu watano, treni za kawaida tu, zile za kasi msiziguse. Mwaka ule tulichanga, haikufika euro 15 kwa kichwa, kwenda na kurudi. Kulikuwa na tiketi mpya ya euro 49 iliyoanza Mei, unazunguka nayo Ujerumani nzima mwezi mzima, lakini ile ni ya kujiandikisha, wanakata benki kila mwezi hadi uwaandikie kujitoa, na kati yetu hakuna aliyetaka kuandikiana barua na mtu. Kwa hiyo tukachukua ya pamoja. Majina matano tukayaandika kwa kalamu, na karatasi akaiweka mkobani dada mmoja wa Mombasa, kwa sababu ndiye mwenye mkoba wenye zipu. Likumbuke hilo.

Nürnberg yenyewe nitaipitia haraka. Tuliwahi saa sita mchana kusimama chini ya kanisa la Frauenkirche, ambapo saa ya ukutani inatoa vijisanamu: mfalme Karl wa Nne amekaa, na wateule saba, wale wakuu waliokuwa wakimchagua mfalme, wanamzunguka mara tatu. Wanafanya hivyo tangu 1509. Umati mzima umeinua simu, vijisanamu vinapita kwa mwendo wa kobe, kwisha. Soko la Krismasi liko hapo hapo uwanjani, vibanda vya mbao vimeezekwa kitambaa cha mistari myekundu na myeupe. Msongamano wa Kariakoo, ila hakuna anayekushika mkono akwambie "karibu mteja". Nilikula soseji zao, ndogo kama kidole, tatu ndani ya mkate mmoja. Ni za nguruwe, kwa hiyo dada wa Mombasa akabaki na viazi na kunisuta. Kikombe cha juisi unawekea amana, ukikirudisha wanakurudishia hela. Nilikirudisha. Wapo wanaokibeba kwa ukumbusho, mimi ukumbusho wa euro kadhaa siuwezi.

Tukanunua Lebkuchen, mikate ya viungo ya huko, tukarudi stesheni.

Treni ilipofungua milango sikungoja mtu. Niliingia mlango wa kwanza ulioonyesha alama ya choo. Wenzangu walikuwa mbele kidogo jukwaani, niliwaona kwa kona ya jicho wakipanda, nikasema nitawafuata kwa ndani. Choo kilikuwa kizima, kisafi, cha bure. Nilitoka mtu mwingine kabisa.

Nikaanza kutembea kuelekea mbele. Behewa likaisha, nikakuta mlango wenye kioo, na nyuma ya kioo kiti cha dereva, giza, hakuna mtu. Nikashangaa kidogo. Kisha nikajieleza mwenyewe, na hapa ndipo akili yangu iliponisaliti: nikasema hiki ni kichwa cha treni kwa upande huu, dereva yuko upande ule, basi wenzangu watakuwa kule. Nikageuka, nikatembea hadi mwisho mwingine. Hawapo. Nikatuma ujumbe, "Mko behewa gani?" Haukwenda. Bonde lile la mto Pegnitz ni madaraja na mahandaki. Ukitoka hili unaingia lile, na treni zenyewe ni za kulala upande kwenye kona, tumbo linabaki nyuma. Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando ya bibi mmoja mwenye kofia ya sufu.

Bibi akanitazama, akatazama mfuko wangu wa Lebkuchen, akaniuliza kitu. Nikasikia "Bayreuth". Nikasema ja, ndiyo. Akaendelea kwa lahaja ya huko, ambayo Kijerumani changu cha darasani hakiifikii hata kwenye vifundo vya miguu. Aliongea sentensi tatu nne, akaonyesha kwa kidole mbele, akaonyesha chini tulipokaa, akatikisa kichwa. Nami nikaitikia, "Ja, ja, genau," yaani ndiyo, ndiyo, kabisa. Akanitazama tena, akarudia. Nikarudia na mimi, na tabasamu juu.

Nimelelewa hivyo. Mtu mzima akisema unaitikia, "naam bibi, ndiyo bibi", kuelewa kutakuja baadaye kukija. Kwetu mzee anajua kwamba naam yako ni adabu tu, hajakuamini bado, ataangalia utafanya nini. Bibi huyu alipoambiwa ndiyo mara mbili aliiamini ndiyo, akafungua kitabu chake.

Treni ikasimama mji wa Pegnitz. Ikakaa. Simu ikaita.

"We u wapi?" Dada wa Mombasa.

"Nimo ndani, nimekaa."

"Ndani wapi? Tumekutafuta treni nzima."

"Nyie ndio siwaoni. Tulieni hapo hapo, treni imesimama, nakuja."

"Imesimama vipi, nasi twenda?"

"Mnakwenda wapi? Treni imesimama Pegnitz."

"Pegnitz tushatoka! Naona miti yapita!"

Nikatazama nje. Taa ya jukwaa ilikuwa pale pale. Tukabishana dakika nzima, mimi nikimhakikishia kwamba treni ni moja na haiwezi kwenda ikiwa imesimama, yeye akiniapia kwa Mwenyezi Mungu kwamba wanakwenda. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Halafu yangu nayo ikaondoka, na kwenye kibao cha juu nikasoma mwisho wa safari kwa mara ya kwanza: Cheb.

Cheb iko Ucheki.

Niorodheshe nilivyokuwa navyo: kitambulisho cha mwanafunzi, simu yenye chaji asilimia 19, mikate ya viungo. Pasipoti na kibali cha kuishi viko Bayreuth ndani ya sanduku, kwa sababu nani anabeba pasipoti kwenda kula soseji? Na tangu Oktoba Ujerumani ilikuwa imerudisha ukaguzi kwenye mpaka na Ucheki. Kutoka ningetoka, kurudi je? Tiketi nayo iko kwenye mkoba wenye zipu, inaelekea kwingine.

Na hapo ndipo mkaguzi alipoingia. Kijana mwenye hereni. Faini ya kupanda bila tiketi ni euro 60. Nilikuwa nimeshaanza kuzigawa kichwani kwa juma. Nikampigia dada wa Mombasa, akapiga picha tiketi, akaituma. Mkaguzi akaikuza kwa vidole viwili, akasoma jina langu lililoandikwa kwa kalamu, akasoma kitambulisho, akanitazama, na nikaona anajizuia asicheke. Hakuniandikia kitu. Aliniambia, polepole, kwamba mimi si wa kwanza. Nishuke Kirchenlaibach, pale inapita treni ndogo ya kwenda Bayreuth.

Bibi wa kofia naye alikuwa anashuka hapo hapo. Kirchenlaibach ni kijiji. Usiku ule niliona jukwaa, theluji, na kibanda cha vioo kinachopitisha upepo. Ubao ukasema dakika 40. Mume wa bibi alikuwa anamngoja kwenye gari, injini inanguruma. Bibi akamwambia kitu, mzee akazunguka, akanifungulia mlango wa nyuma. Tukakaa watu watatu ndani ya gari lisiloenda popote, hita imewashwa, tunangoja treni yangu. Bibi akageuka, na safari hii akatumia Kijerumani cha redio, neno moja moja: "Nilikwambia. Hii ni sehemu ya nyuma. Ya mbele ndiyo ya Bayreuth." Kimya. Kisha: "Ukasema ndiyo."

Sikuwa na la kujibu. Nilifungua Lebkuchen tukala.

Mzee akauliza natoka wapi. Tanzania. Akasema Kilimandscharo, kama wote. Nikasema hapana, natoka Tabora, mbali na mlima, na stesheni yetu mliijenga nyinyi. Nilitaka tu kumchokoza, lakini ni kweli: reli ya Wajerumani ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, kisha vita vikawaondoa, ya Mwanza ikaja kumaliziwa na Waingereza 1928. Mzee akanyamaza, akaongeza joto la hita.

Na sasa niseme lililoniuma kuliko baridi. Mimi ni mtoto wa Tabora. Tabora ndipo treni ya bara inapokatwa. Inatoka Dar es Salaam ikiwa nyoka mmoja, ikifika kwetu mabehewa ya Mwanza yanatengwa na ya Kigoma, na ya Mpanda nayo yana mpango wake. Nimeyaona hayo kabla sijajua kusoma. Baba yangu alistaafu reli, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo, kukata na kuunga. Lakini Tabora huwezi kukatwa bila kujua! Kule ni masaa. Mabehewa yanagongana hadi chai inamwagika, vichwa vya treni vinakwenda na kurudi, taa za mkononi, kelele. Akina mama wanauza maembe na asali dirishani na kila mmoja anakuuliza, "Mwanza au Kigoma?" Ukijibu Kigoma na umekaa la Mwanza, utashushwa na watu wasiokujua, mizigo yako imeshatangulia. Pegnitz ilichukua dakika chache na sikusikia hata mlio. Tangazo bila shaka lilitolewa. Nilikuwa handakini, au nilikuwa nasema genau.

Treni ndogo ilikuja kwa wakati wake. Bibi na mzee walisubiri hadi nimepanda. Nilipunga mkono, wakawasha taa za gari mara mbili. Bayreuth dada wa Mombasa alikuwa amesimama jukwaani na tiketi mkononi, ameishika juu kama mpokea wageni wa uwanja wa ndege. Aliniita majina ambayo sitayaandika.

Kesho yake nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka?"

Nikamsimulia yote, nikitegemea pole. Akanisikiliza hadi mwisho. "Dakika chache?"

"Chache, baba. Tatu, nne."

"Nani alifungua mipira ya breki?"

"Sijui baba, nilikuwa ndani."

"Watu wangapi walishuka chini?"

"Sikuona mtu."

"Huwezi kukata treni bila mtu kushuka chini," akasema, kwa sauti ya kumsahihisha mtoto aliyekuja na habari za vijiweni. "Kulikuwa na mtu wa taa. Wewe hukumwona tu, kulikuwa na giza."

Nikajaribu kueleza kwamba vifungio vinajifungua vyenyewe, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimeona kitu. Bahati mbaya salio la simu halimngoji mtu ajipange. Neno la mwisho nililosikia ni, "Nenda kaangalie vizuri."

Kwa hiyo Januari nilifunga safari ya pili, peke yangu, tiketi yangu mfukoni mwangu. Nilishuka Pegnitz saa nane mchana nikasimama jukwaani mahali treni inapoungana, pua mbili zimebusiana, na simu nimeishika mbele. Watu walinipita wakinishangaa, maana hakuna kinachopigwa picha pale. Nilingoja mtu wa chini atokee. Hakutokea. Kukasikika "tak", kama sufuria inayofunikwa, pua zikaachana kwa upana wa kiganja, nusu ya mbele ikaondoka zake kwenda Bayreuth na ya nyuma ikabaki inanitazama.

Sekunde 34 za video. Nikamtumia. Jibu lilikuja usiku, ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia jogoo wa jirani yetu asiyejua saa.

"Nimeiona," alisema baba. Akanyamaza kidogo. "Sasa wale jamaa wa chini wamewapeleka idara gani?"