Ndondi, judo au taekwondo? Kabla hujalipa ada

Wenzangu wa Kisumu mnaouliza muanzie wapi: kama mnataka pumzi na kujikinga kwa pamoja, mimi nasema ndondi. Raundi 4 za dakika 3 kwenye gunia la kupigia ngumi, pumziko la dakika 1 katikati, zinatosha mwezi wa kwanza. Anza saa kumi na mbili asubuhi, kabla joto la ziwa halijapanda.

Bandeji ya kufunga mkono ndani ya glavu ndiyo wengi hukosea. Nunua ya mita 4.5 kwa kila mkono. Zungusha mara 3 kwenye kifundo cha mkono, mara 3 juu ya mafundo ya ngumi, pitisha kati ya vidole, kisha malizia kifundoni. Ukifunga kiganja tu, ngumi ikitua imepinda, kifundo kinateguka. Glavu za kupigana na mwenzako ziwe za aunsi 14 au 16.

Judo, mchezo wa kukamatana na kuangushana, inakufundisha kuanguka, na hilo ni hazina hata ukiteleza sokoni Kibuye siku ya mvua. Kidevu kifuani, piga mkeka kwa mkono mzima, nyuzi 45 hivi kutoka mwilini. Anayetanguliza kiganja ajishikilie ndiye anayevunjika.

Taekwondo, mchezo wa mateke, inalainisha nyonga vizuri sana, ila teke la kichwani kwenye matope litakuangusha wewe.

Tazama kipindi kizima cha mazoezi cha klabu kwanza. Kama hakuna anayefanya mazoezi na mwenzake anayempinga kweli, tafuta klabu nyingine. Na mwalimu akiahidi kukufundisha kunyang'anya kisu wiki ya kwanza, ondoka. Mwenye kisu hupewa simu, nawe unakimbia.