Sindano ya soriasisi na TB iliyolala

Daktari aliniambia nivue shati, akaanza kunipima kwa kiganja changu mwenyewe. Kiganja pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi ya mtu, alisema, na mabaka yakizidi viganja 10 ugonjwa si mdogo tena. Yangu yalifika 22. Nafundisha shule ya msingi hapa Ujiji, na kwa miaka magamba yalikuwa yakidondokea suruali yangu nyeusi, wanafunzi wakidhani ni vumbi la chaki. Wazazi hawakudhani hivyo. Mmoja aliomba mwanawe ahamishiwe mkondo mwingine, ingawa soriasisi, ugonjwa huu wa ngozi, haiambukizi.

Methotrexate, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, nilimeza karibu miaka miwili, kila Jumamosi. Ilinisaidia, kisha vipimo vya ini vikapanda, ikasimamishwa. Mara soriasisi ikaingia kwenye viungo: vidole viwili vikavimba kama ndizi, kushika chaki ikawa kazi. Ndipo bingwa wa ngozi kule Dar es Salaam akataja adalimumab, moja ya sindano za kibayolojia.

"Mwalimu, ngozi itapona hata ukichelewa," aliniambia. "Kiungo kikishaliwa hakirudi."

Nilikuwa tayari kukubali palepale. Yeye ndiye aliyenizuia. Dawa hiyo inazuia TNF, protini inayochochea uvimbe, lakini TNF hiyohiyo ndiyo inayoshikilia ukuta ambao mwili huwajengea bakteria wa TB waliolala. Ukuta ukilegea, wanaamka. Nikamkumbuka mama. Alitibiwa TB nikiwa bado kijana, na chumba chake na changu vilitenganishwa na pazia tu.

Wakanichoma mkononi kipimo cha Mantoux, cha kutafuta TB iliyolala, nikarudi baada ya siku 3. Uvimbe ulikuwa na milimita 16. Picha ya kifua ilikuwa safi, kikohozi sina. Daktari alisema BCG, chanjo ya TB ya utotoni, nayo inaweza kuleta uvimbe, ila kwa historia ya nyumbani kwetu hakubahatisha. Nikaanzishiwa isoniazid, dawa ya kuua TB iliyolala, ya miezi 6 pamoja na vitamini B6, na ini likipimwa kila mwezi. Sindano ingeweza kuanza baada ya mwezi mmoja, lakini niliomba miwili. Homa ya ini B na VVU vilipimwa pia, sina. Chanjo ya homa ya manjano nilishapata zamani kwa ajili ya safari za Bujumbura. Nashukuru, maana chanjo zenye virusi hai haziruhusiwi ukiwa kwenye sindano hizi.

Mke wangu ndiye aliyeuliza nilichosahau: "Na fedha zikikata katikati?" Nikapiga simu kwa daktari. Akasema ukiacha, mabaka hurudi kwa wengi, na ukianza na kuacha ovyo mwili unaweza kuizoea dawa na kuipiga vita. Bei ya sindano moja inazidi mshahara wangu. Kwa hiyo hatukuanza mpaka mimi na kaka yangu tulipokuwa na fedha za miezi 6 mkononi. Mpaka leo naona huo ndio uamuzi mgumu kuliko wa TB.

Sindano zikaja kwa ndege ndani ya boksi la barafu. Zinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, zisigande. Friji sina, basi nikampelekea jirani, Mama Zaituni, anayeuza soda. Siku umeme ulipokatika, kwa huruma yake akaihamishia moja kwenye friza la migebuka la shemeji yake, lenye jenereta. Nikaikuta ngumu kama jiwe. Ikaganda, ikatupwa, na nilijilaumu mwenyewe kwa sababu sikumweleza.

Nilianza na sindano mbili siku moja, wiki iliyofuata moja, kisha moja kila wiki mbili. Baada ya miezi 4 nilihesabu viganja upya: viwili, vyote viwikoni na magotini. Vidole vinakunja ngumi. Nikipata homa sichomi sindano mpaka nionwe na daktari, na kikohozi sikipi wiki mbili, naenda kupimwa makohozi.

Sindano ijayo ni Alhamisi. Boksi lake nimeliandika kwa kalamu nene, USIGANDISHE, na Mama Zaituni ameshaniuliza nani atalipia barafu umeme ukikatika tena.