Kabla ya kubishana amplifaya ipi tamu, sawazisha sauti

Sikio hudanganyika kirahisi: amplifaya inayopiga juu kidogo tu huonekana tamu zaidi. Cheza mlio wa hezi 200 kutoka kwenye simu, weka multimita kwenye AC, pima kwenye waya za spika, kisha rekebisha kila amplifaya isome volti 1. Usitumie hezi 1000, multimita nyingi za bei poa hukosea juu ya hezi 400.

Sasa piga Tabora Jazz ya zamani. Amplifaya ya daraja AB (muundo wa kizamani), mfano ya chipu TDA2030 yenye transfoma, na ya daraja D (huwasha na kuzima umeme kwa kasi sana) kama ya chipu TPA3116 zitakaribiana mno, hata wabishi wa Isevya, Tabora, watanyamaza. Tofauti hujitokeza ukipandisha sauti: besi ikianza kukwaruza na gitaa la solo kukauka, ujue volti za umeme unaolisha amplifaya zimeisha.

Ndiyo maana bodi ya "wati 50+50" ikifungwa kwenye betri ya sola ya volti 12 hutoa kama wati 15 tu kila upande, kwenye spika za omu 4. Hizo 50 zinataka volti 21 hivi. Kwa sola bado ningechukua D, AB inapoteza umeme mwingi kwa kuchemsha hitisinki (bati la kupozea).

Angalizo: kwenye TPA3116 waya hasi wa spika si ardhi. Ukiunganisha hasi za amplifaya mbili pamoja kwenye swichi ya kuhamisha spika kati yake, TPA3116 itajizima au kuungua. Tumia swichi inayokata waya zote mbili.