Siku ya fundi wa sare: mia nne leo, au zaidi baadaye?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai haijachemka na ujumbe umeshaingia: “Fundi, sketi za mtoto vipi?” Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kwa sisi washonaji wa sare, hizi siku chache ndizo zinazolipa kodi ya duka ya miezi mikavu, na kila mzazi anataka yake itangulie. Nikauacha ujumbe pale pale, nikanywa chai yangu na mahamri ya jana.

Saa moja na nusu. Nilifungua duka, Kisauni hapa Mombasa, chumba kimoja chenye cherehani mbili: ya umeme, na ya miguu ambayo stima ikipotea ndiyo hutuokoa. Nikaanza na marinda. Marinda ya sketi ya shule hayataki pupa: unakunja, unabana kwa pini, unalaza kitambaa kibichi juu yake na kupiga pasi, ndipo unaunganisha na mkanda wa kiunoni. Ukiruka hiyo pasi, kufikia Ijumaa sketi imetanuka kama mwavuli na mama mtu yuko mlangoni kwako. Nilimaliza mbili, zilizobaki nikamwachia msichana ninayemfundisha kazi, nikatoka.

Saa nne. Ukumbini Tononoka, baada ya foleni ya daraja la Nyali ambayo sina haja ya kuisimulia. Watafiti wa uchumi walikuwa wamepita mitaani wakiandikisha wafanyabiashara wadogo, nami nikakubali. Tulikuwamo wauza viazi karai, madereva wa tuktuk, mzee mmoja aliyestaafu bandarini, na mimi. Tulisomewa fomu ya ridhaa, tukaambiwa yeyote anaweza kuondoka wakati wowote, kisha kila mtu akapewa tableti.

“Mama, hapa hakuna jibu la sawa wala la makosa,” akasema kijana aliyetuongoza.

“Haya mwanangu, lete.”

Maswali yenyewe ni mepesi kusoma. Unataka shilingi 400 leo, au 420 baada ya wiki 4? 400 leo, au 440? Yanapanda hivyo, 480, 520, hadi 600. Halafu orodha ile ile inarudi ikiwa imesogezwa mbele: 400 baada ya wiki 8, au 420 baada ya wiki 12? Mwishoni unachomoa karatasi kwenye mfuko wao, na namba utakayoipata ndiyo safu utakayolipwa, hiyo moja tu. Kwa hiyo inakubidi ujibu kila safu kana kwamba ndiyo yenyewe.

Kwenye orodha ya kwanza nilishikilia leo, leo, leo, mpaka ilipofika 600 ndipo nikakubali kungoja. Kwenye ya pili nilingoja tangu safu ya kwanza. Mzee wa bandarini, nyuma yangu, hakungoja popote. “Mwanangu,” akamwambia kijana, “kwa umri wangu, wiki kumi na mbili unaniuliza kama nitakuwepo.” Tukacheka, lakini hakuwa akitania sana.

Saa sita kasorobo. Soda na sambusa. Nilimuuliza kijana majibu yangu yanasemaje. Akanieleza kuwa mwaka 1937 mchumi Paul Samuelson aliandika hesabu inayochukulia kwamba mtu hupunguza thamani ya pesa za baadaye kwa kiwango kimoja, ziwe za karibu au za mbali. Kwa hesabu hiyo, orodha zangu mbili zingepaswa kufanana. Zisipofanana kama hivi zangu, wachumi wengi husema mtu ana papara ya sasa: leo inamvuta kuliko haki yake.

Papara? Nikamfungulia duka langu pale pale. Mia nne leo ni mita mbili za kitambaa cha bluu. Mita mbili ni sketi mbili za watoto wa chekechea, na wiki hii zinauzwa 350 kila moja. Toa zipu, uzi na stima, nabaki na kama 550 kabla ya Jumatatu. Sasa nikungojee wiki nne kwa 520 kwa nini? Lakini baada ya wiki nane hakuna anayetafuta sare, mia nne italala tu kwenye simu. Acha ingoje.

Akanijaribu. M-Shwari, ule mkopo wa simu, akasema, inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, bila ushuru. Kopa 400 huko ununue kitambaa, ngoja 520 yetu, lipa deni, utoke na vyote viwili. Hesabu yake haina kasoro, ila kiwango changu cha mkopo kilishaliwa na karo. Mwenye pa kukopa huonekana mvumilivu kwa urahisi.

Hapo akafurahi, kumbe ubishi huo, kama maswali ya pesa hupima subira kweli, wanao wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2015 wachumi Augenblick, Niederle na Sprenger walichapisha jaribio ambalo watu hawakugawa pesa tu, waligawa kazi za kuchosha: kunakili herufi za Kigiriki zenye ukungu, na kucheza Tetris, ule mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande. Walipanga mapema wafanye ngapi siku ya kwanza na ngapi baadaye. Siku ya kwanza ilipofika wakaulizwa tena, na kwa wastani wakapunguza za siku hiyo. Kwenye pesa papara ilionekana kidogo mno, kwenye kazi ikajitokeza. Hao, wallahi, ni kama sisi mafundi cherehani.

Nilichomoa safu ya orodha ya pili: 440 baada ya wiki 12. Asante ya kushiriki, 500, nayo imekatwa katikati, 250 wiki ya 8 na 250 wiki ya 12, ili tarehe moja isiwe na faida ya kupokea kuliko nyingine. Leo ni nauli tu, 200. Mzee akachomoa 400 ya leo, akatoka ukumbini kabla soda yake haijaisha.

Walitupa kadi yenye namba ya ofisi, na ujumbe wa simu wenye tarehe. Andreoni na Sprenger, kwenye jaribio lao la California lililochapishwa 2012, waliwafanya washiriki waandike anwani zao wenyewe kwenye bahasha za malipo na kuwapa kadi ya profesa. Sisi tuna M-Pesa tangu 2007. Bila imani kwamba atalipwa kweli, anayechagua leo huenda hapimi subira yake, anakupima wewe mlipaji.

Saa saba na nusu. Biashara Street. Kitambaa ni 200 mita kwa taslimu, 220 ukichukua ulipe Jumamosi. Nilichukua mita tatu kwa mkopo. Shilingi ishirini juu ya mia mbili, kwa siku chache tu! Laiti ningekuwa na kijana yule pembeni aandike hiyo kwenye tableti yake.

Saa kumi na nusu. Mchezo wetu wa akina mama, kila mwezi zamu ya mmoja kupokea. Jirani ana arusi ya binti yake, akataka namba yangu ya mwezi huu, nami nichukue yake ya mwezi wa tatu. Akaniongezea 300. Nikakataa. Akafika 500, tukapeana mkono.

Saa mbili usiku. Asubuhi nilipanga kumaliza sketi sita. Nne ziko tayari, na mbili tayari nimeanza kuzisogeza kichwani hadi kesho baada ya alfajiri, wakati simu ilipoita. Ni yule wa alfajiri.

“Fundi, nije leo?”

“Dadangu, ukija leo nitakupa sketi moja, unilipe nusu. Ukija kesho saa nne nitakupa zote mbili, na marinda yamepigwa pasi vizuri. Lakini uje na salio lote.”

Kimya kidogo. “Kesho saa nne, fundi. Saa nne ya kweli?”

“Saa nne ya kweli.”

Nikawasha pasi.