Pistoni ya breki imetoka!

Jana natoka Muheza na gari la marehemu baba, la mwaka 1996. Njia nzima linavuta kushoto. Kufika Tanga mjini, rimu ya mbele haishikiki kwa moto.

Leo asubuhi nikapiga jeki, nikafungua tairi. Kalipa, kile kifaa ambacho pistoni yake husukuma pedi zibane diski ya breki, imekamata. Pedi ya ndani imeliwa hadi chuma.

Nilitaka kuitoa pistoni kwa upepo wa kompresa. Fundi mzee wa hapa mtaani akanizuia: "Mwanangu, ile ikiruka inaondoka na vidole." Akaniambia nisifungue mpira wa mafuta ya breki. Tukaegesha kipande cha mbao mbele ya pistoni, kijana wangu akakaa ndani ya gari, mguu kwenye breki.

"Kanyaga taratibu."

Kimya.

"Tena."

Mara ya tano, ko! Ikasogea.

Ilipotoka yote ndipo nikaona: pete ya kutu, nyembamba kama uzi, pale raba ya vumbi ilipopasuka na hewa ya chumvi ikapenya. Uzi ule tu ndio ulioshika gurudumu zima.

Msasa laini, sili mpya, raba mpya, nikapaka mafuta ya breki masafi (msipake grisi ya kawaida, inavimbisha raba), tukatoa upepo kwenye breki.

Halafu nikasukuma tairi kwa kidole kimoja. Likazunguka. Likaendelea kuzunguka. Nimekaa chini naliangalia tu, koo limenibana. Baba alikuwa akilijaribu hivyohivyo, kwa kidole.

Kesho upande wa kulia.

Wenzangu wa magari ya zamani, pistoni ikigoma kabisa mnaitoaje?