Kitabu Kisicho na Bei

Assalaam alaykum, ndugu zangu katika imani.

Wiki hii kina mama wa darsa yetu tulikwenda Mji Mkongwe kulizuru duka la vitabu la zamani, lile ambalo wengi wetu tulinunuliwa hapo Juzuu Amma ya mwanzo tulipotiwa chuo cha Qurani. Tulishuka Darajani, tukapenya vichochoro vya Mkunazini mpaka mlangoni. Ndani pembamba, pananukia udi na karatasi kongwe.

Tulisimama sana mbele ya tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwana wa Unguja hii hii, iliyotoka kamili mwaka 1969. Alikuwa mwalimu wa skuli kabla ya kuwa Kadhi wa Zanzibar, na mimi naona ualimu ule umo ndani ya maandishi yake: anakufahamisha, anafungua mabano, anakurudisha nyuma mpaka uelewe. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kisha mwenzetu mmoja akakitamani kitabu kikuukuu cha rafu ya juu, akauliza bei. Mzee wa duka akakifungua ukurasa wa mwanzo. Maandishi ya mkono, wino umeshageuka rangi ya kahawa: wakfu, hakiuzwi, hakitolewi zawadi, hakirithiwi. Wakfu ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, watu wanufaike nayo daima.

"Hiki hakina bei, mwanangu. Ukitaka kukisoma, kaa barazani ukisome."

Maneno yale yana asili. Sayyidna Umar alipata shamba Khaybar, akamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia hajapata kumiliki mali aipendayo kuliko ile, aifanye nini? Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akaliweka kwa sharti hilo hilo: lisiuzwe, lisirithiwe, lisitolewe zawadi. Alitoa akipendacho, si kilichomchosha. Na sharti la shamba la Khaybar nikalikuta limeandikwa ndani ya kitabu, Unguja, dukani, mahali ambapo kila kitu kingine kina bei yake.

Mwenzetu alikaa barazani na kile kitabu mpaka adhana ya adhuhuri.

Msahafu wa marehemu mama yangu umo kabatini, ndani ya kitambaa chake, tangu siku ya hitma yake. Sikutaka mtu aushike. Jana usiku nimeutoa, nimelia kidogo, nimeandika ukurasa wa mwanzo. Kesho baada ya Ijumaa, inshaallah, naupeleka chuoni kwa watoto.