Tembo wa Shilingi 20

Jumapili yangu ya kwanza pale Mama Ngina, mama mmoja alinifukuza kwa kipande cha mhogo. Hakunipiga nacho. Alininyooshea tu kama rungu, mkono wa pili ukimvuta mwanawe: "Twende zetu, hayo mambo ya majini hayo." Nami ndio kwanza nilikuwa nimetoa shilingi 20 sikioni mwa yule mtoto. Nilijizoeza miezi mitatu mbele ya kioo, sarafu ikatoka safi, hakuna aliyeona chochote. Hilo ndilo lililoniponza.

Kwa asiyepajua, Mama Ngina ni kando ya bahari upande wa kusini wa kisiwa cha Mombasa, si mbali na kivuko cha Likoni. Jioni watu hutembea chini ya mibuyu wakila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na meli ziingiazo Kilindini hupita karibu hata unasoma majina yake. Jukwaa hakuna. Anayefanya mazingaombwe hapo huyafanya akitembea, na watu wako mbele, ubavuni na mgongoni. Ikifika Idi nahamia uwanja wa Makadara penye pembea, na huko ndiko mtihani wenyewe.

Mimi ni chale. Neno lenyewe inasemekana limetoka kwa Charlie Chaplin, na nikikumbuka kwamba yule bwana alichekesha dunia nzima bila kutamka neno, naona haya kwa jinsi ninavyobwabwaja. Lakini siku zile nilikuwa nimevaa pua nyekundu na moyo wa mganga. Nilitaka watu washangae, nao walishangaa, kisha wakakaa kimya. Kimya cha watu walioshindwa hakina raha hata kidogo. Baba mmoja alinishika mkono akaugeuzageuza kama anayekagua samaki, alipokosa kitu akaondoka amenuna.

Aliyenisema wazi ni bi muuza mihogo, yule anayekaa karibu na mbuyu mnene. "Mwanangu, mtu amekuja hapa kupunga upepo, wewe wamfanya mjinga mbele ya wanawe. Atakupa hela kwa lipi?" Nilimwitikia kwa heshima na moyoni nikambishia.

Jibu lilikuja wiki chache baadaye, na lililetwa na jasho. Ujanja wa kwanza anaoujua kila mwanakiinimacho ni kujifanya umechukua sarafu kwa mkono wa kulia, kumbe imebaki kushoto. Kinachobeba ujanja huo ni macho: ukiutazama mkono mtupu kwa imani, watu nao wanautazama. Siku hiyo kiganja kililoa, sarafu ikateleza nikaidaka vibaya, na msichana wa kama miaka sita akapaza sauti, "Iko mkono huo! Nimeiona!"

Sijui nilipata wapi akili ya kutokanusha. Nikageuka nyuma kutafuta anayesemwa. "Nani? Mimi?" Nikaufungua mkono mtupu, nikauonyesha kwa fahari. "Huo mwingine!" Nikajizungusha mwili mzima, nikaonyesha uleule mtupu. Kufikia mara ya tatu watoto kumi walikuwa wananipigia kelele, na baba zao wanacheka mpaka mihogo inawaanguka. Nilipoufungua ule wenye sarafu niliruka kwa hofu, kama mtu aliyekuta mjusi kiganjani. Jioni ile nilipata zaidi ya nilichopata Jumapili tatu zilizotangulia.

Tangu hapo nimeujenga mchezo wangu wote juu ya kushikwa. Sarafu zetu mpya zilizotoka Desemba 2018 zimenisaidia mno. Za zamani zilikuwa na sura za marais, na mimi kumpoteza rais hadharani sikuwa tayari. Katiba ya 2010 ikakataza picha ya mtu kwenye pesa, tukapewa wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Basi nampeleka tembo mkononi nikinong'ona kwamba amelala, asiamshwe. Nikifungua, hayupo. Kaenda Tsavo kunywa maji. Watoto wananisuta kwamba yuko mkono wa pili, wananishika mara mbili, mara ya tatu wana hakika kabisa, wananikodolea macho. Naufungua polepole: simba, shilingi 10. "Masikini! Kamla!"

Hapo ndipo penye utamu, maana hawashangai sana. Wanabisha. "Simba hamli tembo!" "Anamla mtoto wake!" Wazee wanaingilia, mmoja anasimulia aliyoyaona Voi, na mimi nina nafasi yote ya kumrudisha tembo mahali pake kwa ajili ya kundi linalofuata. Kubadilisha sarafu ni jambo jepesi. Ile ya 10 ni ndogo kidogo, nailalisha tangu mwanzo kwenye mkunjo wa kidole gumba, na ninapojizungusha kwa kuchekesha ndipo mikono inapofanya yake. Mtu anayecheka hachungulii vidole.

Mchezo wa pili ni pua. Nilinunua mabaki ya sponji la godoro kwa fundi makochi wa Majengo, nikayakata kwa mkasi mpaka yakawa mviringo. Rangi nilianza na ya mabuyu. Msirudie kosa hilo. Nilikwenda kazini siku mbili na pua nyekundu halisi. Sasa nayachemsha na rangi ya kutilia miyaa ya mikeka, haitoki. Sponji mbili ukizibinya pamoja huonekana moja. Nampa mtoto anishikie pua akunje ngumi, nami nabaki nayo ya tatu, naipoteza, nalia kwamba sasa nitapumulia wapi. Akifungua ngumi zinachomoka mbili. Huu sijaona mtu akauita uchawi, pengine kwa sababu sponji ni kitu cha kuchekesha chenyewe.

Uso nilipunguza. Mwanzoni nilipaka nyeupe tupu, na joto la Mombasa likaniyeyusha kama mshumaa, watoto wadogo wakalia. Sasa ni pua, mashavu na nyusi moja iliyopanda juu. Mtoto mchanga simsogelei. Nachuchumaa mbali na kumfanyia babake kwanza; akimwona baba anacheka, anakuja mwenyewe. Koti ni kubwa, la mitumba ya Kongowea, suruali nimeshonesha ya kikoi. Kofia ya vito sivai kazini, hata kama ingependeza. Wazee wangedhani nawakejeli, na wangekuwa na haki.

Kila mfuko una kazi yake na siuchanganyi: kulia sarafu, kushoto sponji, ndani maputo. Nilishaacha michezo yote inayohitaji kutayarishwa upya. Kamba ya kukata na kuunganisha ni nzuri ukumbini, lakini hatua kumi mbele kuna familia nyingine, na huwezi kuwaambia subirini nipime kamba. Maputo marefu, yale yaitwayo 260 kwa kuwa yana upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 60, nayapenda na kuyachukia. Upepo wa kusi ukivuma, mbwa wangu anaishia baharini. Ninayabakiza mkia wa vidole vinne bila upepo ili yasipasuke nikiyasokota, na yakipasuka najitupa chini nimekufa, kwa hiyo sina hasara.

Shida mpya ni M-Pesa. Watu hawabebi sarafu tena. Zamani nilimwomba baba wa watu shilingi 20 yake mwenyewe, mchezo ukawa wake, sasa ananyoosha simu na kuniambia, "Ipoteze hii basi." Kwa hiyo natembea na tembo wangu watatu, na kuazima naazima kwa bi wa mihogo, ambaye bado anapokea hela za chuma.

Naye ana mchezo wake. Mwaka juzi aliniazima sarafu, nikaipeleka Tsavo, kundi likanivuta mbele nikasahau kuirudisha. Jumapili iliyofuata nilimlipa. Wiki ya pili, mbele ya wateja wake, akaniuliza tembo wake atarudi lini. Nikamlipa tena, watu wakacheka, mihogo ikauzwa. Sasa ni kila Jumapili: nikifika tu anaacha karai, anafuta mkono kwenye leso, anaunyoosha.

"Mwanangu, huyo mnyama anakunywa maji gani?"

Nampa.